Sakafu Iliyopinda ya Kisarawe

Picha iliingia kwenye kundi letu la mafundi saa nne asubuhi, nikiwa nakunywa chai barazani kwangu Sofu, Kibaha. Ilikuwa picha ya sakafu ya chumba cha kulala. Tailizi zake hazikufuata ukuta, wala hazikukaa kwa ule mtindo wa almasi ambao kila mtu anaujua. Zilikuwa zimekwenda upande kidogo, kama mlango ulioachwa wazi kiasi cha paka kupita. Aliyeituma ni kijana anaitwa Shafii, fundi mzuri wa pale Kwa Mathias. Chini yake aliandika: "Wakuu, nipo Kisarawe. Nani alilaza hii akiwa amelewa? Kesho navunja."

Kundi zima likacheka. Mmoja akasema fundi huyo bila shaka alikuwa anakimbizwa na nyuki. Mwingine akasema hizo ni kazi za wazee, wazee hawakuwa na leza ya kunyooshea mistari.

Vijana wangu, sakafu ile niliilaza mimi.

Kwa asiyenijua, Kibaha wananiita Fundi Diploma. Walianza kuniita hivyo kwa kejeli, mimi nikalipokea jina hilo kama sifa, na sifa imebaki. Nilizaliwa kwa wakulima wa mihogo karibu na Mlandizi. Nilikwenda Durban na begi moja, nikaanza kwa kubeba mchanga, na baada ya miaka kumi na moja nikarudi na diploma ya ujenzi. Iko ukutani sebuleni kwangu, ndani ya fremu, na anayetaka kuiona aje nimwonyeshe. Nyumba hii ya vyumba vinne niliijenga mwenyewe, hakuna mjomba aliyenishika mkono. Kuanzia Mbwawa hadi Kisarawe sijui ni sebule ngapi watu wanakanyaga kazi yangu bila kujua. Nimeacha kazi kwa sababu ya magoti tu. Mikono bado ipo.

Basi nilikaa na simu mkononi mpaka adhana ya adhuhuri. Hakuna aliyejua kwamba kazi ile ni yangu. Ningeweza kunyamaza, Shafii angevunja, na aibu ingeondoka na kifusi. Nitawaambia nilichofanya, lakini kwanza mjue mpangilio wa tailizi unavyochaguliwa, maana bila hilo hamtaona kosa langu lilikuwa wapi.

Mteja wa siku hizi anakuja na picha kwenye simu. Ameona sebule ya mtu, pengine ya nchi nyingine, anataka hiyohiyo. Usimkatalie. Ichukue simu, itazame picha, isifie, kisha mrudishie na umwombe msimame wote wawili mlangoni mwa chumba chake. Sakafu inaonwa kutoka mlangoni. Mgeni akiingia, jicho lake linafuata mistari ya maungio kama mtu anayefuata njia shambani. Mistari ikienda mbali na mlango, chumba kinarefuka. Ikikatiza mbele yake, chumba kinapanuka. Korido nyembamba ukiilaza mistari mirefu itaonekana kama bomba.

Mpangilio wa moja kwa moja, tailizi juu ya tailizi, mafundi wengi wanaudharau kwa kuwa ni rahisi. Si rahisi. Huo ndio unaokuumbua. Kama ukuta umekwenda upande hata upana wa kidole, ile safu ya mwisho itasema ukweli wote: huku kipande kipana, kule kipande chembamba. Ndiyo maana, kabla ya kuchagua, ninapima kona. Futi tatu upande huu, nne upande ule, na kutoka ncha hadi ncha lazima ipatikane tano. Nyumba zetu nyingi haipatikani. Hapo ndipo almasi inapokusaidia, maana mistari ikikaa mshazari jicho halina cha kulinganisha na ukuta, na kosa la fundi uashi linajificha. Ila andaa tailizi za ziada, utakata sana pembeni.

Mtindo wa tofali nao una siri yake. Tailizi ndefu zile zinazofanana na mbao hazijanyooka. Weka mbili mgongo kwa mgongo utaona zinabembea katikati. Ukizipanga nusu kwa nusu, katikati ya moja inakutana na ncha ya jirani yake, na hapo panakuwa na kidato ambacho kila kidole cha mguu wa mwenye nyumba kitakijua. Panga kwa theluthi, ncha ya moja ikutane na theluthi ya jirani yake. Wengi mnaliona hilo kwenye karatasi ya boksi, hamsomi.

Mwalimu mmoja wa Mbwawa alinichagulia mitindo mitatu kwa sebule moja: almasi katikati, tofali pembeni, na mkanda wa maua kuzunguka. Nikamuuliza, "Mwalimu, tunalaza sakafu au tunabuni kanga?" Akacheka mpaka akakaa kwenye mfuko wa sementi. "Basi niandikie na maneno yake kabisa, fundi!" Tulibaki na almasi peke yake, na mpaka leo akiniona sokoni ananisifia mbele ya watu. Ninamwacha amalize.

Sikuanza nikiwa bingwa, ingawa ubingwa ulichelewa kidogo tu. Kazi yangu ya kwanza hapa Kibaha nilianzia kona ya ndani kabisa, nikaja kuishia mlangoni na kijipande chembamba kama biskuti. Mwenye nyumba alikuwa mzee mpole. Kila nikipita kutafuta kazi nyingine ananiita, ananionyesha kwa fimbo: "Fundi, hiki ulikisahau au ulikipenda?" Tangu siku hiyo ninapanga kavu kwanza, bila udongo wa sementi wala gundi, kutoka mlangoni mpaka ukutani. Durban bosi wangu, Muhindi mmoja mfupi mwenye hasira, alikuwa akinipigia kelele juu ya jambo hilo kila asubuhi, nami nilikuwa nadhani ananichelewesha.

Sasa twende Kisarawe.

Nyumba ni ya Bi. Mwanaidi, mama mmoja mjane. Mumewe marehemu, Mzee Kondo, alikuwa akiuza machungwa na mafenesi, na nyumba aliijenga kufuata barabara, kwa hiyo imekaa upande. Mwanawe, Athumani, ndiye aliyenitafuta. Alitaka tailizi nyumba nzima, mtindo wa almasi, kama alivyoona kwa rafiki yake. Nilipima kona, hazikuwa sawa, nikamwambia umechagua vizuri, almasi ndiyo dawa yake.

Bi. Mwanaidi alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni mwa chumba chake. Macho yalikuwa yameshakwisha nguvu. Alikuwa anaona mwanga na vivuli tu. Lakini alikuwa akijipikia, akijifulia, akitembea nyumba nzima bila fimbo. Nilipoingia na ndoo zangu chumbani kwake akaniita.

"Baba, chumba changu hiki kina mstari wa marehemu. Usije…"

"Mama, wewe niachie mimi," nikamwambia. "Hii kazi nimeisomea. Nina diploma."

"Haya, baba," akasema. "Kama umesomea."

Mstari wenyewe niliuona. Sakafu ilikuwa ya sementi ya zamani iliyolainishwa kwa niru, na katikati yake palikuwa na mfereji mwembamba, umekwenda upande, haufuati ukuta wowote. Nikauhesabu kuwa ni ufa. Nikakoroga udongo, nikauziba ufa huo vizuri, nikalaza almasi juu yake. Kazi ilikuwa safi. Nilipiga picha vyumba vyote.

Hazikupita wiki mbili Athumani akanipigia simu. "Fundi, hebu fika nyumbani. Si ugomvi. Fika tu."

Nilifika saa ya alasiri. Mkewe Athumani aliniongoza mpaka mlangoni mwa chumba na kuweka kidole mdomoni mwake, ninyamaze. Bi. Mwanaidi alikuwa amesimama peku katikati ya chumba, amefunga ushungi, anataka kuswali. Alipapasa sakafu kwa mguu wa kulia, akapata ungio la tailizi, akalifuata, akageuka. Alikuwa ameelekea kona ya kabati. Kibla ilikuwa kule, yeye yuko huku.

Mkwewe akaingia taratibu, akamshika mabega mawili na kumgeuza. Bi. Mwanaidi akakaza mwili kama mtu anayevalishwa nguo asiyoitaka.

Alipomaliza alinihisi mlangoni. "Ni fundi?"

"Ni mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Umeona mwenyewe?"

"Nimeona."

"Mzee Kondo aliuchora mstari ule uelekee kibla, kwa ncha ya mwiko, sakafu ikiwa mbichi, siku macho yangu yalipoanza kuniacha. Akaniambia, hata mimi nikiondoka, mguu wako utakuonyesha." Akakaa ukingoni mwa kitanda. "Kila kitu humu ndani naweza kusaidiwa, baba. Nikipikiwa nitakula. Lakini kusimama mbele ya Mola wangu nilikuwa nasimama mwenyewe. Sasa nashikwa mabega mara tano kwa siku, kama mtoto wa chuoni."

Vijana, mimi ni Muislamu. Nimekaa chuoni kwa maalim mpaka nikahitimu juzuu zangu. Nimeingia katika nyumba ya Waislamu, nimeona mstari umechorwa sakafuni mwa chumba anacholala mjane asiyeona, na katika akili yangu yote ya diploma sikujiuliza unaelekea wapi. Ninaposema mimi ni fundi bora, na ninasema mara nyingi, siku ile huwa ninairuka. Leo siiruki.

Athumani alikuwa na huruma. "Tumtafutie mkeka tuubandike sakafuni na gundi," akasema.

"Mkeka utachakaa," nikamjibu. "Kesho navunja."

Nilivunja kwa tindo na nyundo, polepole, nikiogopa kuiumiza sakafu ya chini. Siku nzima nilikuwa kwa magoti kuutafuta mstari ambao niliuziba mwenyewe. Nilipouona nikachokonoa udongo wangu kwa msumari mpaka mfereji wa Mzee Kondo ukarudi. Jioni ile nikaenda msikitini kwao kuswali magharibi, na baada ya sala nikauliza kibla, nikarudi kulinganisha na mstari. Yule mzee wa machungwa, bila leza na bila diploma, alikuwa amepatia.

Nikavuta uzi wa chaki juu ya mstari wake mpaka kuta zote mbili. Kutoka kwenye uzi huo nikapanga tailizi moja kwa moja, safu kwa safu, kama safu za msikitini. Uzi ndio uliokuwa bwana. Kuta zikafuata zilivyoweza. Kila tailizi ya pembeni ilitaka kukatwa kwa pembe yake, hakuna vipande viwili vilivyofanana, na maboksi mawili niliyaongeza kwa pesa yangu. Nilichagua tailizi zisizong'aa, zenye ukali kidogo, ili mguu ushike. Ungio la katikati, lile lililolala juu ya mstari wa marehemu, nikalipa upana wa kidole kidogo, na nilipojaza grauti nikaifuta ishuke chini ya uso wa tailizi. Maungio mengine yote nikayajaza mpaka juu. Mguu ukipita kote ni sawa, ukifika pale unatumbukia.

Bi. Mwanaidi aliingia, akalipata kwa hatua ya tatu, akasimama. Aliomba maji ya kutawadha.

Kazi ile haikupendeza kwa macho. Jirani alichungulia, akauliza kama nyumba imesogea. Na hapa nikiri jambo: picha yake sikupiga. Wateja nilikuwa nawapeleka Kisarawe kuona sebule ya Athumani, nikifika kwenye mlango ule naufunga. Miaka yote hiyo nilijisifia kwa kazi za kupendeza, nikaificha hiyo. Ndiyo maana picha ya Shafii ilinikuta vibaya pale barazani.

Baada ya adhuhuri nikampigia.

"Shafii, chumba kile usikiguse. Nakuja kesho."

"Mzee Diploma, shikamoo! Kuna nini tena? Mimi mwenye kazi ameshanipa maelekezo, mjukuu wa bibi, yupo Dar. Anataka tailizi za sitini kwa mia na ishirini nyumba nzima. Marehemu baba yake, Athumani, alikuwa na hizi za zamani, zimepitwa."

"Bibi yuko wapi?"

"Yupo, tumemhamishia chumba cha uani."

"Amekwambia chochote?"

"Alisema kitu kuhusu mstari. Nikamwambia bibi tulia, niachie mimi fundi."

Nilishindwa kumgombeza. Ningemgombeza kwa kinywa gani?

Asubuhi nilifika Kisarawe kabla ya saa tatu, magoti yakilia kwenye kila kidato. Sebule ilishavunjwa. Maboksi ya tailizi mpya yalipangwa ukumbini, kubwa, zinang'aa, ukizitazama unajiona. Shafii alikuwa na grenda ya kukatia tailizi mkononi na miwani ya plastiki kichwani.

"Mzee baba, niambie ukweli," akasema. "Hii ni kazi yako?"

"Ni yangu."

"Daah. Wewe? Na ile diploma?"

"Pamoja na ile diploma. Kamwite bibi."

Bi. Mwanaidi alikuja akipapasa ukuta. Amekonda, na sasa hata mwanga hauoni. Nikamwamkia, akaijua sauti yangu papo hapo. "Fundi uliyesomea," akasema, na Shafii akageuza uso asicheke.

"Mama, tuonyeshe chumba chako."

Akavua kandambili mlangoni. Mkono mmoja kwenye fremu, hatua moja, mbili, ya tatu mguu wa kulia ukaburuza, ukatumbukia katika ungio, ukasimama. Mguu wa kushoto ukaja kando yake. Mabega yakanyooka. Hakuna aliyemgusa.

Shafii alitoa simu, akafungua kile kijidira kinachoonyesha kibla, akachuchumaa na kukiweka juu ya ungio. Alikitazama muda mrefu. Akainua kichwa akautazama ukuta, akaitazama tena simu. Kisha akachomoa waya wa grenda.

"Bibi, nisamehe," akasema. "Humu ndani siingii na nyundo. Mjukuu wako nitamweleza mwenyewe."

"Zako mpya zinateleza?" Bi. Mwanaidi akamuuliza.

"Zinateleza, bibi."

"Basi zibaki sebuleni na wageni."

Shafii alimpigia mjukuu pale pale, tukamsikia kijana akisema hakujua, hakuna aliyemwambia, alikuwa mdogo. Kisha Shafii akanigeukia, akaniuliza kwa sauti ya chini ungio lile nililishusha kwa kitu gani, sifongo au kijiti. Nikamwonyesha kidole changu. Alipiga magoti akalipapasa mwanzo mpaka mwisho.

Nanyi mnaosoma hapa, mitindo mtajifunza popote, simu zimejaa. Mkifika kwa mtu, pangeni kavu, pimeni kona, simameni mlangoni. Lakini kabla ya hayo yote, mwenye chumba akifungua mdomo, mwacheni amalize sentensi yake. Mimi nilimkatiza mtu kwenye neno "usije", na neno hilo lilinigharimu siku nne kwa magoti.

Tulipokuwa tunaondoka Bi. Mwanaidi alituita kutoka chumbani.

"Ni nani aliyesema sakafu yangu imepinda?"

Tukatazamana. "Ni mimi, bibi," Shafii akasema. "Na wenzangu wako wengi kwenye simu, wanacheka."

"Waambie sakafu imenyooka," akasema. "Nyumba ndiyo iliyopinda."

Shafii akaandika hivyohivyo kwenye kundi, chini ya ile picha yake. Mimi nikaongeza jina langu.